Fundi wa Kurasa Zinazoteleza

Fundi wa tovuti hawezi kuuacha ukurasa utulie. Ukiusogeza kidogo tu, picha zinapaa, herufi zinachipuka, vitufe vinaingia kwa madaha kama bibi harusi. Anapachika programu-jalizi moja, anabangua mbegu ya alizeti, anapachika nyingine. Bi Tsvetana, muuza majeneza wa mji wa Pleven, Bulgaria, alimpa kazi ya kuweka matangazo ya vifo mtandaoni. Mama huyo alipoufungua ukurasa, marehemu wakatoka mbio kama kuku waliofunguliwa banda.

“We fundi! Mume wa Radka alilala kitandani miaka tisa, leo anakimbilia wapi?”

“Ndiyo mambo ya kisasa, mama. Yanavuta wateja.”

“Wateja wangu hawavutwi, wanabebwa!”

Fundi akacheka mpaka mbegu zikamwagika, akapunguza mwendo kidogo tu. Wiki iliyofuata Bi Tsvetana alimkuta fundi nje ya nyumba ya kwao, akibandika mlangoni tangazo la kifo cha baba yake mwenyewe, karatasi yenye ukingo mweusi. Alikuwa ameshapaka gundi pembe zote nne, akailaza kwa kiganja, akaongeza utepe wa kunata. Upepo ulipoinua pembe moja, akaikandamiza kwa dole gumba, wala hakuliondoa.

“Mama,” akasema bila kugeuka, “una gundi nyingine? Huyu asitikisike.”