Nafasi ya Babu Pangoni

Shule niliacha darasa la tatu, lakini duka la mabati pale Voi nililijenga mwenyewe, na nikianza jambo huwa nalimaliza. Hili limenishinda.

Kwetu kijijini Wusi, huko milimani, zamani mzee akishazikwa, baada ya miaka kichwa chake kilifukuliwa kikawekwa pangoni pamoja na wenzake wa ukoo. Babu yangu alichukuliwa vitani, na meli ya mvuke iliyowabeba askari ikazamishwa. Nafasi yake pangoni iko wazi hadi leo.

Mwaka jana nilishuka Mombasa, nikajaza maji ya bahari kwenye chupa ya soda, nikayapandisha mpaka pangoni. Shangazi yangu, aliyekuwa amebaki hai peke yake kati ya watoto wa babu, aliiangalia ile chupa akacheka vibaya.

“Mtoto wa ndugu yangu, pesa imekupofusha? Meli ilizama mbali huko, kuelekea Bara Hindi. Na hayo maji yana meno? Yana macho?”

“Basi nifanye nini, shangazi?”

“Hakuna.”

Nikayamwaga nje, kwenye majani. Shangazi tulimzika Aprili. Sasa hakuna mtu anayeikumbuka sura ya babu, na mimi sina kitu cha kumrudisha nyumbani.