Gari la Maziwa na Bafu la Mdogo Wangu

Baba mdogo aliniuliza mara tatu. Arobaini ya marehemu baba ilikuwa imesomwa, biriani limeliwa, majamvi bado yako chini sebuleni kwetu Tandika, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kugawa mirathi. Tuko wawili tu, mie na mdogo wangu wa kiume. Akasema nyumba ina vyumba, wa kiume achukue vyake kama dini inavyosema, na mie nichukue cha mbele, kinachoingiza kodi. Nikasema chumba sitaki. Nataka gari la maziwa lililoko uani.

"Lile?"

"Ndiyo, baba. Lile."

"Lisilo na matairi?"

"Hilohilo."

Mdogo wangu aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Dada, umepagawa? Unaacha chumba unachukua malazi ya paka?" Nikamwambia acheke vizuri, asibakize.

Niwaeleze, maana wengi hawajawahi kuliona gari la namna ile na sidhani kama wataliona. Ni lori dogo la pua butu, lina bodi la bati la kuta mbili, na katikati ya kuta wameshindilia kitu laini mfano wa sufi ili ubaridi usitoke. Ubavuni lina vijimlango. Humo ndimo zilimokuwa zinatoka pakiti za maziwa za pembetatu, alfajiri, kabla watu hawajabandika chai. Baba alikuwa dereva wake. Kiwanda cha maziwa kilichomwajiri kilipokufa, magari yale yalichinjwa moja baada ya jingine yakauzwa chuma. Baba akanunua lake, akawa anachukua maziwa kwa wafugaji na kuyasambaza mwenyewe, Temeke mpaka Buguruni.

Na utingo wake alikuwa nani? Mie. Nilipomaliza darasa la saba baba alisema hawezi kusomesha wawili, mmoja aende sekondari na mmoja amsaidie kazi. Aliyekwenda sekondari ndiye huyo aliyekuwa anashika mbavu. Sina wivu naye, kasoma, na sawa. Lakini kuta za nyumba ile, ada yake, sare zake, vyote vilitoka kwenye vile vijimlango, na mikono iliyokuwa ikivifungua ndiyo hii. Kwa hiyo waliposema wananipa gari niliwaambia palepale mbele ya wazee: hamnipi, mnanirudishia.

Mdogo wangu akaweka sharti. Uani anataka kujenga vyumba vingine vya kupangisha. Gari litoke kabla Ramadhani haijaandama, tena litoke kwa magurudumu yake. Likishindwa, anawaita wanunuzi wa chuma chakavu walikate papohapo. "Na ukishindwa, dada, usije ukalilia chumba."

"Thubutu!" nikamjibu.

Nilikuwa najua ninachokisema. Mie ni mjane, nimepanga Yombo, nimeendesha mabasi ya wanafunzi mpaka mgongo ukanikataa. Gari likikatwa nabaki sina chumba, sina gari, na nimekuwa kichekesho cha ukoo. Nililijua hilo na bado nikasema liwalo na liwe.

Fundi niliyempata gereji yake ni kipande cha uwanja mbele ya nyumba ya watu. Alikuja, akafunua boneti, akatoa kiota cha panya, akasikitika. "Mama, weka injini ya Kijapani. Utasahau shida."

"Na gia boksi?"

"La Kijapani."

"Na usukani?"

Akaanza kucheka mwenyewe. Nikamwambia, sasa si uniletee tu gari la Kijapani, hili tulizike? Nataka hili, na injini yake hii. Akasema vipuri vyake havipo mjini. Nikamwambia wewe fungua, vipuri niachie mie.

Nilizunguka. Wauza vipuri wa Gerezani walinicheka, wa Buguruni walinicheka, kijana mmoja akaniuliza, "Bimkubwa, hilo gari lilikujaga na Wajerumani?" Nikamwambia ndiyo, na babu yako ndiye aliyekuwa akilisukuma. Wenzake wakampigia makofi. Na huyohuyo ndiye aliyenikimbilia baadaye akanambia kwao Ukonga kuna bodi la gari kama hilo, wanafugia kuku.

Nilikwenda. Wallahi nilipoliona nilisimama nikashika kiuno. Lilikuwa ndugu yake kabisa, limeegeshwa chini ya mwembe, majogoo wamepanga foleni kwenye usukani. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mkali kuliko mie. Kuuza hataki, pesa hataki hata kuzisikia. "Kuku wangu walale wapi?" Nikarudi na seremala, tukamjengea banda la mbao na wavu, lina mlango wa komeo na viota vya kutagia. Akalikagua mpaka uvunguni. Akasema haya, chukua chuma chako. Tukatoa kabureta, rejeta, milango, ringi za magurudumu na nati ambazo fundi wangu alizibusu mbele za watu. Matairi nikayanunua ya mtumba.

Ikafika siku injini ikawaka. Ilikohoa, ikapiga chafya, ikatema moshi mweusi, kisha ikatulia na ule mlio wake niliokuwa nikiusikia usingizini nikiwa binti. Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti na grisi usoni.

Fundi akasema tulitoe nje tulijaribu. Akakusanya vijana, akatembea mbele kupima njia, akarudi. Akachukua kamba, akapima upana wa gari, akaenda nayo kwenye ujia ulio kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani. Kamba haikupita.

Mnajua tunavyojenga huku kwetu. Mtu akiwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni anaona nafasi ya bafu. Baba alipoanza kuugua, mdogo wangu alijenga bafu la wapangaji kwenye ujia uleule, matofali na zege, akaacha upenyo wa mtu na ndoo yake. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba gari litakuja kutembea tena. Mie mwenyewe nilioga humo kila nilipokuja kumuuguza baba, na wala haikunijia.

Yeye ilimjia. Siku ile alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha chai, anatabasamu. "Gari ni lako, dada," akasema. "Bafu ni langu."

Hapo ndipo nilipopandwa na mashetani. Alijua toka siku ya arobaini! Aliniacha nihangaike na kuku wa watu huku anajua. Fundi akanishika mkono, akashauri tulikate bodi vipande viwili, tutoke navyo, tukaviungie nje. Nikamwambia atakayeligusa gari hili kwa msumeno, mie naye.

Nikamuuliza, injini iliyofunguliwa upya si lazima iungurumishwe kila siku ili ilainike? Akasema lazima. Ungurumo wa muda gani? Akasema hata wa saa nzima, haidhuru. Basi. Saa ya kuiungurumisha hakuitaja. Niliichagua mie.

Kila asubuhi, wapangaji wakianza kupishana na ndoo zao, nilikuwa nimeshafika kutoka Yombo, nimekaa kwenye usukani, nimejifunga khanga kiunoni. Ekzosi ya gari lile hutokea mbele, chini ya bampa, nayo ilikuwa imelielekea bafu. Sikuigeuza mie, ndivyo gari lilivyokuwa limekaa. Mtu anaingia kuoga mweupe, anatoka na masizi. Dada mmoja anayekaanga maandazi alitoka humo na povu kichwani, akanijia juu. Nikazima gari kwa adabu, nikamwambia, "Mwanangu, mie natii maneno ya fundi. Ukiona taabu mwone mwenye bafu."

Wakamwona. Wakamwona tena. Mwishowe wakamwambia wanahama wote, kwa sababu wamechoka kuoga moshi. Akakimbilia kwa baba mdogo kunishtaki, na baba mdogo akaja, akasimama uani na bakora yake, akalitazama gari, akalitazama bafu.

"Marehemu aliliingizaje gari humu?" akauliza.

"Alipita hapa," mdogo wangu akajibu.

"Hapa wapi?"

Akaonyesha bafu kwa kidole.

"Uliporidhia achukue gari, uliridhia litoke," mzee akasema. "Au ulitaka alivae?" Wapangaji wakaangua kicheko, na safari hii mdogo wangu hakushika mbavu. Nikasema bafu jipya nitalijenga kwa mkono wangu, palepale gari lilipokuwa, maana sitaki watu wakose pa kuogea kwa ajili yangu. Kesho yake mdogo wangu akaja na nyundo. Alilivunja mwenyewe, kwa hasira, na sikumsaidia hata tofali moja.

Tulilitoa mchana, siku chache kabla ya mfungo. Mtaa mzima ulikuja. Lazima niseme haki, mdogo wangu anajua kuelekeza gari. Alisimama mbele, mikono juu, anarudi kinyumenyume: "Njoo, njoo, kata kushoto, lete, leteee!" Ukuta wa jirani ulipita karibu na kioo changu hata nikaacha kupumua. Kisha pua ikatoka mtaani, kisha bodi zima, jeupe, linameremeta, na kina mama wakapiga vigelegele.

Akapiga boneti makofi. Akatoa simu, anajirekodi, anawageukia majirani: "Mnaliona gari letu? Gari la baba yetu hili! Sie hatukubali lioze, tumelifufua!"

Nikavuta breki ya mkono. Nikashuka, injini inaunguruma.

"Gari la nani?"

"Dada, watu wengi hapa."

"Ndiyo maana nakuuliza hapa. La nani?"

Akacheka kidogo, akaona sicheki. "La dada," akasema.

"Nani kalifufua?"

"Dada."

"Na nani alilifanyia kazi, toka alfajiri, wewe ukiwa darasani?"

Simu ikashuka ubavuni. Alikuwa ananitazama mikono, hii iliyokomaa kwa grisi, na uso wake ukabadilika mbele yangu, mtu mzima na ndevu zake.

"Dada," akasema, na sasa hakuwa anawaambia majirani. "Hata ada yangu ilitoka humu. Najua. Nilikuwaga najua."

La ada sikumwuliza. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, maneno nimeyapanga mdomoni, na yote yakanipotea. Nikampiga begani, kwa nguvu, mpaka akayumba. Nyuma ya gari waendesha bodaboda walikuwa wamejipanga wanapiga honi kututaka tuwapishe njia. Nikapanda, nikafunga mlango, nikatia gia taratibu. Niliwaacha wapige.