Sista Aliyekubali Kwamba Hajui

Watu wa Nunguni wakimtaja Sista Mutindi Ndeti, hutaja sauti yake. Akimkemea mgonjwa pale dispensari, aliye sokoni alikuwa anasikia. Mimi nitataja jambo jingine, tena kwa majivuno, na anayechukia achukie.

Mutindi alizaliwa Kalamba, akasomea unesi Machakos, akaletwa kwetu mwaka wa sabini na tisa. Mimi ni Kaluki, mama yake Kiilu. Yeye ndiye aliyeugundua uvimbe katika titi langu la kushoto, na ndiye aliyenisukuma hadi Nairobi, nikakatwa titi mwaka wa themanini na nne. Niliporudi alichukua kadi yangu akaandika: amepona.

"Nenda ulime, Mama Kiilu. Hapa usirudi!"

Tulicheka sote wawili. Siku hizo hata manesi wengi walijua hivyo tu: mtu wa kansa ama anakufa ama amepona, katikati hakuna kitu.

Jumapili nikatoa ushuhuda kanisani. Vigelegele vilipigwa, na mchungaji akanitaja katika mahubiri miezi mingi, mpaka watoto wakanichoka.

Mwaka wa pili mkono wa kushoto ukaanza kufura. Kwanza pete ilibana, kisha mkono wa blauzi ukakataa kupanda. Nikajua kansa imerudi. Niliogopa kufa, sitadanganya, lakini aibu ndiyo iliyonifunga mdomo. Ningewaambiaje watu kwamba ule ushuhuda haukuwa kweli? Nikaufunika mkono kwa leso, jua liwake lisiwake, na nikamwandikia dada yangu wa Sultan Hamud ajitayarishe kuwachukua watoto.

Mutindi aliniona kanisani nikipiga makofi kwa mkono mmoja, juu ya paja. Ibada ilipoisha akanifuata mpaka nyumbani bila kualikwa, akaketi.

"Mama Kiilu, hebu toa hiyo leso."

"Nasikia baridi, Sista."

"Baridi gani na unatoa jasho? Toa!"

Nikatoa. Akaubonyeza mkono kwa kidole, shimo likabaki. Nikamwuliza kama imerudi. Yule mwanamke mwenye jibu la kila kitu akaubonyeza mkono tena, mahali pengine.

"Sijui," akasema mwishowe. "Hiyo sikufundishwa. Na ni mimi nilikuambia usirudi. Nipe wiki moja."

Alichukua likizo yake mwenyewe, akaenda Nairobi katika wodi ile ile niliyolazwa, akakaa na manesi wa huko siku nne akiuliza maswali kama mtoto wa shule. Akarudi na daftari limejaa, akanipeleka kwa daktari nikapimwa. Kansa haikuwapo. Yalikuwa maji yaliyokwama mkononi, kwa sababu tezi za kwapani zilitolewa pamoja na titi. Nililia mbele ya daktari, kamasi na yote.

Mutindi akanifundisha kufunga bandeji, kuinua mkono, kuukinga na miiba na jembe. Kila mwezi aliupima kwa futi ya fundi wa nguo. Kwenye kadi alilikata lile neno lake, akaandika: arudi kila miezi sita, maisha yake yote.

"Sasa hii ni kifungo?" nikamtania.

"Ni kazi yangu. Leta mkono."

Nikasimama tena kanisani. Nikasema Mungu aliniponya, sibadilishi neno, lakini mwili uliokatwa unataka kuangaliwa, na Sista ananiangalia. Nikakunja mkono wa blauzi, bandeji ikaonekana. Mchungaji aliishika Biblia asijue afungue wapi. Mutindi, mwenye sauti ile, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nje, Syokau, kiongozi wa kwaya ya akina mama, akatuvuta pembeni. Hatukuwahi kusikia kwamba hata malaria ilimlaza. Akaanza kufungua vifungo vya sweta yake, kimoja kimoja.

"Sista," akasema, "mimi nilikatwa mwaka wa sabini na tatu. Tangu hiyo siku hakuna mtu ameniuliza naendeleaje."