Kinyonga na Rangi ya Kinyume

Jina la Kinyonga halikutokana na tabia yake. Tabia yake ilikuwa moja tangu ujana: ukorofi kidogo asubuhi, utani mwingi baada ya chai. Alilipata gereji, kwa kuwa kila jioni alirudi nyumbani na rangi nyingine. Leo nyusi za buluu, kesho masikio ya fedha, na mkewe alimtazama shingo tu akajua ni gari gani limekamilika. Maisha yake yote ya kazi alipulizia rangi magari ya watu. Wenye magari walijivuna barabarani, naye akajivuna zaidi yao kimyakimya, maana alijua yaliletwa yakiwa katika hali gani.

Kisha kifua kikagoma. Daktari alimsikiliza mgongoni, akatikisa kichwa, akamwambia aachane na chumba cha rangi na ukungu wake. Basi Kinyonga akahamia kwenye kiti cha dirishani, akawa mkaguzi wa kazi za wenzake zinazopita njiani. "Mlango huo haujafanana na bodi," alinung'unika. "Huyo amepulizia mvua inanyesha." Mkewe alimwacha aseme.

Lililomchoma hasa lilikuwa neno moja. Mtu akipita na kumwambia, "Habari za leo, fundi?" alijibu, "Fundi alishastaafu. Mimi ni mlinzi wa dirisha." Hata mkewe, aliyemwita fundi tangu enzi za uchumba, alipigwa marufuku. Aliona afadhali asiitwe kabisa kuliko kuitwa kwa kuhurumiwa.

Binti yao alikuwa ameolewa na kinyozi, kijana mpole mwenye adabu iliyopitiliza. Mbele ya baba mkwe hakuthubutu hata kukunja nne. Kila Jumapili, kinyozi huyo na wenzake walikutana kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya soko, wakashindanisha magari madogo yanayoendeshwa kwa rimoti. Kinyonga aliyaita midoli ya watu wenye ndevu.

Jioni moja kinyozi alifika na mfuko. Akatoa bodi ya gari ya plastiki, nyembamba, angavu kama chupa.

"Shikamoo baba. Nimekuja kuomba msaada. Gari langu linatembea uchi."

"Marahaba. Mimi sipaki tena, unajua."

"Hii ni rangi ya maji, baba, haina ule ukali. Na kifaa chenyewe cha kupulizia ndicho hiki."

Kilikuwa kidogo kama kalamu, kimeungwa kwa mpira mwembamba kwenye pampu iliyonong'ona badala ya kunguruma. Kinyonga alikigeuzageuza. "Nimetoka kwenye bunduki ya rangi, nimeishia kwenye sindano," alisema. Alikubali shingo upande, lakini vidole vilikuwa vinamwasha, na mkewe aliviona.

Alifanya kazi barazani, kwenye hewa, barakoa usoni, na kila kitu alikifanya kama fundi wa magari anavyofanya. Bodi ilikuwa imevikwa nailoni nyembamba kwa nje; akaibandua na kuitupa, akidhani ni ya dukani. Akaisugua plastiki kwa msasa mpaka ikafifia. Akapaka rangi ya msingi, akapulizia nyekundu juu yake tabaka kwa tabaka, akang'arisha mpaka akaona pua yake mle. Wiki hiyo hakukagua gari la mtu yeyote.

Kinyozi alipokuja kuichukua, alifungua mdomo, akaufunga. Kijasho chembamba kikamtoka.

"Imependeza, baba," alisema.

Jumapili Kinyonga alikwenda mwenyewe uwanjani, amevaa shati lake la harusini. Gari jekundu lilitoka kwa kishindo, likakata kona ya kwanza, na kwenye ya pili likapinduka, likateleza kifudifudi juu ya lami. Liliposimama, nusu ya wekundu ilikuwa imebaki chini, imechorwa mstari mrefu. Watu waliangua kicheko. Mmoja akauliza kwa sauti ni nani huyo aliyepaka bodi kwa nje.

Kinyonga alimvuta mkwe wake pembeni.

"Kwa nje ndiyo nini?"

Kinyozi alitazama viatu vyake. "Hizi hupakwa kwa ndani, baba. Plastiki inakuwa kama kioo, rangi inakaa nyuma yake. Nje ikikwaruzwa, rangi haiguswi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia imependeza?"

"Nitamwambiaje baba mkwe kwamba amekosea?"

Kinyonga alimwachia mkono. Alirudi nyumbani, akavua shati, akakaa dirishani. Aliumia, na hakuona haya kuumia. Aliamini sasa kwamba mikono yake imekwisha, na kwamba watu watamstahi tu, waendelee kumsifia upuuzi mpaka azikwe.

Mkewe alimletea chai, asiondoke.

"Sasa, ndifu," alisema.

Kinyonga aliinua uso. Hakuwa amelisikia neno lile tangu wakiwa vijana. Wakati wa uchumba walizungumza kinyume, ile lugha ya watoto ya kuchukua silabi ya mwisho na kuiweka mwanzo, ili mama mkwe aliyekaa nao sebuleni asiambulie kitu. Gari lilikuwa riga. Rangi ilikuwa ngira. Fundi alikuwa ndifu.

"Nilikukataza neno hilo," alisema.

"Ulikataza fundi. Ndifu hukuitaja." Mkewe alivuta kiti. "Nimeongea na mkwe wako. Anasema kinachopakwa mwisho kwenye gari kubwa ndicho kinachoanza kwenye hili dogo. Mwisho unakuja mbele. Sasa wewe ulimdanganya mama yangu kwa lugha hiyo mwaka mzima, ukiwa umejaa woga. Leo utashindwa na plastiki?"

Kinyonga alikunywa chai yote. "Nilifikiri mama yako alikuwa haelewi."

"Alielewa kila kitu. Alikuwa anakupenda tu."

Kesho yake alimtuma mkewe kwa kinyozi akachukue bodi nyingine.

Safari hii nailoni ya nje hakuigusa. Aliosha plastiki kwa ndani kwa sabuni, akaikausha, akakaa nayo mapajani muda mrefu, akiipaka akilini kwanza. Gereji angeanza na kijani, aweke michirizi, amalizie maandishi. Basi hapa yaanze maandishi. Jina la gari walishalichagua yeye na mkewe wakicheka: Kinyonga kwa kinyume, NGAKINYO. Herufi zilitakiwa zigeuzwe, ili anayetazama kwa nje azisome sawasawa, na mkewe alimshikia kioo cha kujitazamia huku Kinyonga akichonga kwa wembe tepu ya kuzuia rangi. A, I, O na Y hazikumsumbua, kwa sababu hata ukizigeuza zinabaki vilevile. N, G na K ndizo zilizomtoa jasho.

Alipulizia herufi kwa nyeusi. Akafuata michirizi ya njano, akaitia weupe mgongoni ili isije ikamezwa na kijani. Kisha kijani juu ya vyote. Hapo ndipo roho ilipomruka. Kwenye gari kubwa kila tabaka huongeza uzuri; humu kila tabaka lilifukia lililotangulia. Herufi zilipotea, michirizi ikapotea, na alipomalizia na nyeupe, mkononi alikuwa ameshika kitu kama beseni la kuogea mtoto. Kwa nje nako nailoni ilikuwa imechafuka vumbi la rangi, haionyeshi kitu.

"Nimeharibu," alimwambia mkewe.

"Subiri ikauke."

Kinyozi aliitwa. Walikaa wote watatu barazani, na Kinyonga akaingiza ukucha chini ya pembe ya nailoni, akaivuta taratibu. Ilitoka nzima. Kijani kilichojitokeza kilikuwa na kina ambacho hakuwahi kukipata gereji hata siku moja, na michirizi ilikatika safi kwa wembe. Mkewe alishika mdomo. Kinyonga machozi yalimlengalenga, akayaacha.

Kisha akamwona mkwe wake anafungua mdomo, anaufunga. Kijasho kilekile.

"Sema," alisema Kinyonga.

"Imependeza, baba."

"Nimesikia hiyo. Sema nyingine."

Kinyozi aliitazama bodi tena. Kinyonga akamwekea mkono begani. "Sikiliza. Baba mkwe haambiwi amekosea, hiyo ni adabu, naikubali. Basi tukiwa kazini usiniite baba. Niite fundi. Fundi anaambiwa."

Mkewe aligeukia upande mwingine, akajifanya anakunja nailoni.

"Fundi," alisema kinyozi, "N ya pili imegeuka."

Wote waliinama kutazama. Kweli, N moja ilikuwa sawa, nyingine ilitazama ilikotoka. Kinyonga alicheka mpaka kifua kikamkumbusha kilipo. Herufi ile ilikuwa chini ya tabaka zote na hakuna wa kuitoa tena.

Jumapili iliyofuata gari la kijani lilipinduka kwenye kona ileile, maana kinyozi alijua kunyoa kuliko kuendesha. Likateleza kifudifudi, lami ikilikwaruza kwa sauti ya kuumiza meno. Mke wa Kinyonga alifumba macho. Kinyonga hakufumba. Aliliendea mwenyewe, akaliinua, akapitisha kidole juu ya paa. Mikwaruzo ilikuwepo, mirefu, ya kukata vidole. Chini yake kijani kilikuwa kamili.

Mtu mmoja alisogea na mfuko kwapani, ndani yake bodi angavu bado na nailoni yake. Alikuwa yule aliyeuliza kwa sauti wiki zilizopita, ingawa alionekana kusahau. Alizunguka gari, akasoma jina, akaigusa N iliyogeuka.

"Hii kazi fundi wake ni nani?"

Kinyozi alinyoosha mkono ili amwonyeshe, lakini alichelewa.

"Ni mimi," alisema Kinyonga. "Na hiyo N ni kosa langu. Leta bodi yako."