Maji ya Mwenyekiti Ndani ya Meli

Watu wa soko la Mukuyuni wakiniuliza meli ilikuwaje, huwaambia wakamuulize mwenyekiti wa chama chetu cha kina mama. Jina lake siandiki. Hakuna haja. Uliza tu yule mama wa Mbooni anayeuza maparachichi na kupanga mambo ya kila mtu, hata mtoto atakuonyesha kibanda chake.

Ni yeye aliyesema mwaka ule tusinunue mbuzi kwa akiba ya chama. "Tumenunua mbuzi mpaka wametuzoea," alisema. "Sasa tupande meli." Alikuwa amesikia kwamba meli kubwa ya watalii ikitoka Mombasa kwenda Unguja, vyumba vya chini kabisa huuzwa rahisi. Wenzangu walipiga makofi kwa sababu ya meli. Mimi nilipiga kwa sababu ya Unguja. Binti yangu aliolewa na kijana wa Mwingi anayefanya kazi ya hoteli kule. Msichana wao wa kwanza alichukua jina la mama wa mume, na huyu wa pili akachukua langu, ndiyo desturi. Jina langu lilikuwa limeshaanza kutambaa huko Unguja na mimi sijalishika hata mara moja. Meli ingefika asubuhi na kuondoka jioni.

"Mwaitu, nitakuwa hapo kwa geti ya bandari mapema," binti aliniambia kwa simu; hata huko Unguja bado ananiita mama kwa Kikamba. "Wewe shuka tu."

Kushuka tu! Kama ni kushuka kutoka kwa punda.

Meli ilikuwa kubwa, hapo sibishani. Lakini chumba changu na mwenyekiti hakikuwa na dirisha. Badala yake walikuwa wametundika picha ya bahari, nafikiri ili tusilalamike. Chai ilikuja bila maziwa, halafu maziwa yakaja peke yake kwa kikopo cha kuchezea watoto. Juu kulikuwa na bwawa, na wazee wa Kizungu wamelala ndani yake kama viboko. Mama mmoja wetu, mzaliwa wa Ikutha kwenye ukame, aliyaangalia yale maji muda mrefu.

"Na wakimaliza kuoga, haya wanapeleka wapi?"

"Wanamwaga," nikamjibu.

"Aiya! Wanamwaga?"

Siku hiyo hakula tena. Na wengine waliokula, chakula hakikukaa tumboni, maana bahari ilianza kutikisika na nusu ya chama ikatapika.

Asubuhi tukikaribia Unguja, spika ya ukutani ilisema maji yatafungwa kidogo, kuna bomba linatengenezwa. Nina hakika abiria wengine wote waligeuka upande wakaendelea kulala. Lakini sisi tunatoka mahali ambapo maji yakifungwa leo yanaweza kurudi baada ya uchaguzi. Mwenyekiti aliruka kitandani kama askari. Akaziba sinki na kulijaza. Akajaza birika, vikombe, chupa, pipa la takataka. Hata kile kikofia cha nailoni cha kufunika nywele bafuni, alikijaza akakifunga fundo na kukiweka kwa rafu.

Maji yakakatika. Ndipo akafanya lile ambalo kila nyumba ya kwetu hufanya: akaacha mfereji wa sinki wazi, ili maji yakirudi tuyasikie.

"Mwenyekiti, funga hiyo kitu. Tunaenda kula."

"Na maji yakirudi tutajuaje?"

"Tutajua tukirudi."

"Wewe mama umepanda meli siku mbili ukasahau kwenu. Wacha iwe wazi, tutasikia."

Tusikie kutoka wapi? Mahali pa kulia ni juu kabisa, na kuna mtu anapiga piano.

Tulikuwa kwa mayai alipokuja bwana mmoja wa meli, amevaa nyeupe tupu, akauliza nani wanalala chumba chetu. Tulipofika chini, zulia la ujia lote lilikuwa linatiririka maji kama kijito cha mvua ya Novemba, na viatu vya mwenyekiti vimetangulia kuja kutupokea. Yule bwana hakutukaripia. Alitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililotuchelewesha. Ilibidi tutoe mizigo, tusubiri chumba kikaguliwe, tueleze kila chombo. Akanyanyua kile kikofia kilichojaa maji.

"Na hiki, mama?"

"Cha akiba," mwenyekiti alijibu bila kupepesa macho.

Simu yangu ikalia. "Mwaitu, mko wapi? Watu wote wameshuka."

"Tunakausha."

"Mnakausha nini?"

"Meli."

Tulipoachiliwa jua lilikuwa limeshageuka. Nilikimbia mpaka getini, na mwenyekiti nyuma yangu akihema, anasema tulikuwa na bahati kuachiliwa. Binti alikuwa amesimama palepale tangu asubuhi, mtoto begani. Nikanyoosha mikono. Mtoto aliniangalia, akaangalia meno yangu, akapiga mayowe watu wakageuka. Nikaimba, nikapiga makofi, nikajitajia jina letu. Wapi! Halafu akaona shanga za mwenyekiti. Akanyamaza, akamrukia, akashika shanga kwa mikono yote miwili, na huyo mharibifu wa mazulia akamfunga mgongoni kwa leso kama aliyemzaa yeye.

Basi saa zangu za Unguja nilizimaliza nikitembea nyuma ya mwenyekiti, nikiangalia kisogo cha jina langu.

Meli ilipopiga honi mtoto alikuwa amelala. Binti alimfungua polepole akaniwekea mikononi, wala hakuamka. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiria, na jasho la shingo yake likanilowesha kifua. Sikumpeleka mahali. Nilisimama tu na yeye hadi askari wa geti akasema, "Mama, meli itakuacha," na hata hapo nilimwambia angoje kidogo.

Mwenyekiti siku hizi anawaambia watu sokoni kwamba kama si mgongo wake, nisingemshika mjukuu wangu hata kidogo. Akikuambia hivyo, muulize zulia lilikauka saa ngapi.