Njuga Iliyonyamaza

Mama mkwe ndiye aliyemfunga mwanangu njuga mguuni alipoanza kutembea. Kwao ndivyo wanavyofanya, ili mama afanye kazi zake huku sikio likimchunga mtoto. Mimi nilinuna, nikaona binti yangu anageuzwa mbuzi. Lakini nikaizoea. Siku hiyo nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko la Kilosa, mashine inanguruma, bodaboda zinapiga honi, na bado ule mlio mdogo nilikuwa naupata bila hata kuutafuta.

Ukakatika.

Sikugundua mara moja. Nilikuwa nimeshika mdomo wa gunia, kitu tu kikanikaa vibaya kifuani, nikageuka. Mtoto hayupo. Upande mmoja wa banda lile kuna reli. Upande wa pili kuna lundo la pumba ambalo huungua kwa chini, juu unaliona limetulia tu.

"Zima mashine!" nilimpigia kelele fundi.

"Mama, mpunga wa watu uko ndani..."

"Zima, nimesema!"

Akazima. Nikafumba macho kusikiliza. Njuga hiyo, wazi kabisa, upande wa reli! Nilikimbia hadi kanga ikabaki njiani. Kumbe ni kengele ya mbuzi wa wafugaji, anatafuna majani kando ya reli, hana habari. Nilitamani kumpiga teke.

Nikatega sikio tena. Nilichokuwa natafuta ni njuga, njuga tu. Mama muuza vitumbua akanishika bega.

"Dada, mtoto analia muda wote huo, husikii?"

Sikuwa nimesikia, wallahi. Aliposema ndipo kilio kikanijia, kikubwa, kana kwamba mtu amefungua mlango. Alikuwa juu ya lundo, amezama hadi magotini, na mbele yake kidogo moshi mwembamba unatoka. Nilimnyakua. Nyayo zilikuwa na joto, ila hazijaungua. Njuga ilikuwa imejaa pumba, hata ukiitikisa haitoi mlio.

Jioni mama mkwe aliisafisha vizuri, akasema mtoto aletwe afungwe tena.

"Hapana, mama," nilisema.

"Sasa utamsikiaje?"

"Ngoja kwanza nijifunze sauti yake."