Mtoto Mchanga wa Kwenye Katuni

Katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, nje ya Goma, mzee mmoja tuliyemwita papa alikuwa na televisheni ndogo na jenereta. Kila alasiri aliweka filamu za katuni ndani ya hema lake, nasi watoto tukajazana chini, juu ya turubai. Sauti ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo mwenyewe alisimama kando akitusimulia kwa Kiswahili.

Tuliyempenda kuliko wote ni mtoto mchanga wa familia moja ya katuni. Baba alikuwa mtu wa kelele, mama mtu wa wasiwasi, kaka na dada ni kugombana tu. Lakini mambo yote yalimzunguka huyo mdogo ambaye hata kusema hajui. Walimsahau dukani, akaanguka kutoka dirishani, akatambaa katikati ya magari, kisha akatokea jikoni uso mzima umejaa keki. Hapo ndipo familia ilipopatana.

Mgongoni nilikuwa na mdogo wangu, nimemfunga kwa kikwembe cha mama. Jirani yetu wa hema, mwanamke tuliyekimbia naye kutoka Kalengera, upande wa Rutshuru, alikuja pia kutazama, mtu mzima peke yake aliyeketi kati yetu. Mtoto wake alikuwa rika moja na mdogo wangu. Alishikwa na homa njiani, hakufika.

"Uyu mutoto hawezi kufa," aliniambia siku moja, akicheka mpaka akapangusa macho. "Hata aanguke wapi." Kisha akanyoosha mikono. "Unipe wako nimubebe kidogo, weye uangalie filme."

Nilimpa. Tangu hapo alimpakata kila tulipokutana pale, nami sikuifurahia tena filamu yoyote. Nilimwona akimnusa utosini, nikahisi kama tumemnyang'anya kitu. Njia ilikuwa moja, mvua ile ile. Kwa nini wetu ndiye aliyefika?

Nikaamua kumpunguzia uchungu. Siku iliyofuata nilimwacha mdogo wangu kwa mama, nikaenda peke yangu. Jirani alipoingia, alitazama mgongo wangu.

"Mutoto iko wapi?"

Kabla sijamweleza, alitoka mbio. Nilipomfuata, kandambili yake moja ilikuwa imebaki mlangoni, naye anakimbia juu ya mawe ya volkano akiita jina. Halikuwa jina la mdogo wangu. Lilikuwa la mtoto wake.

Mama alikuwa akimwogesha mdogo wangu kwenye beseni. Jirani alipomwona, aliketi kwenye matope. Mimi nikaanza kulia.

"Mama, sikutaka imuume..."

Mama alimtoa mtoto majini, povu likimchuruzika, akamweka mapajani mwa mwenzake.

"Umumalizie kumuogesha," alisema. "Mikono yangu imechoka."

Haikuwa imechoka. Kuanzia hapo kumwogesha kukawa kazi ya jirani, hadi tulipopata chumba mjini Goma. Yeye alirudi upande wa Rutshuru vita vilipopoa kidogo, akazaa wengine wawili.

Mdogo wangu sasa ana ndevu. Anamwita jirani yule mama, na akimtembelea harudi mikono mitupu. Kutakuwa na maharagwe, au ndizi. Mimi pia jirani hunikumbatia kwa furaha ile ile, akiniuliza habari za watoto wangu. Namjibu wote wazima, na kila mara nasema kwa sauti ya chini, kama bado tumemnyang'anya kitu.